SOMO: SIMU SI YAYA

Unampa mtoto simu atazame katuni, nawe unakwenda zako kuteka maji. Katuni ikiisha, YouTube huleta video nyingine yenyewe. Hiyo ya pili hukuichagua wewe. Huenda ikawa ya matusi, au ya kutisha.

Basi tufanye hivi:

1. Zima kitufe cha kucheza video mfululizo.
2. Mtoto atazame ukiwa karibu, nawe unaona na kusikia.
3. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri: wa chini ya miaka 2 asitazame kabisa, wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku.
4. Akikwambia ameona kibaya, usimchape. Ukimchapa, kesho atakuficha.

Maswali: Jana mtoto wako alitazama nini? Nani alimchagulia?