Nondo Weupe wa Kaskazini na Majina Yao

Muhula huu Mwalimu wetu wa Baiolojia alitupa picha tano za nondo wa Ulaya, akatuamuru tuwapange kwa spishi zao na mimea wanayokula. Nilimaliza wa kwanza, nikaketi nikiwacheka wenzangu. Daftari liliporudi, nilikuwa nimepata moja tu! Basi nimeona heri niwaeleze kosa langu.

Nondo hao ni wa jenasi iitwayo Yponomeuta. Ni wadogo, mabawa yakikunjuliwa upana wake ni kama sentimita 2. Yale ya mbele ni meupe au ya kijivu, yenye madoa meusi kama vitone vya wino. Viwavi wao huishi kwa makundi katika utando wa hariri, na wakizidi huuvua mti majani yote, hata ukadhani umetandikwa shuka.

Mimi nilifuata majina. Evonymella, nikasema, hula kichaka cha Euonymus. Padella hula mti wa Prunus padus. Kumbe sivyo! Evonymella ndiye alaye Prunus padus, ambao ni ndugu wa mcheri. Padella hula vichaka vya miiba, na alaye Euonymus ni cagnagella. Majina yale mawili yalitolewa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1758, na kwa kanuni ya wataalamu jina la kwanza hudumu, hata likipotosha. (Bwenini kwetu yuko mrefu aitwaye Kafupi.)

Evonymella hutambulika upesi: madoa yake ni mengi, safu tano katika kila bawa la mbele. Waliobaki wana safu chache na wanafanana mno. Hapo huna budi kujua kiwavi alitoka mti gani. Wa mtufaha ni malinellus. Vifuko vya pupa pia husaidia: vya malinellus ni vizito, vyeupe, vimepangwa bega kwa bega, vya padella ni vyepesi, pupa huonekana ndani.

Kwa mwenye shamba la matufaha jambo hili si mchezo. Utando wa evonymella ukiwa mpakani hauna hatari kwake, lakini wa malinellus utamla mavuno.

Juma lililofuata Mwalimu alinipa picha nyingine: nondo mweupe, safu tatu, bila mmea. Niliandika, “Siwezi kumtaja mpaka niambiwe mti wake.” Alinipa alama zote.