Somo: Kofre ya moteri ya mashini ya kusaga. Tuichague vipi, waya zifungwe vipi?



Koperative nyingi zinaanza kuachana na mazutu na kuweka moteri ya umeme kwa mashini ya kusaga mahindi na mihogo. Huku Kivu ya Kaskazini, kituo cha umeme wa maji cha Mutwanga kilianza mwaka 2013, na kile cha Matebe, katika Rutshuru, mwaka 2015. Pengine ni SNEL njo inaleta umeme, pengine ni panneau za jua. Popote umeme unapotoka, tunaona jambo moja. Komite inaweza kukaa siku mbili ikijadili bei ya mashini na bei ya moteri. Lakini ikifika ku kofre, lile sanduku lenye vyombo vya kuwasha na kuzima moteri, watu wanasema tu: "Fundi atajua."

Lakini kofre hiyo njo inaamua mambo mawili makubwa: kama moteri itaishi, na kama msagaji atarudi nyumbani na vidole vyake kumi.

Hatusemi kila mwanachama awe fundi wa umeme. Kazi ya waya tumwachie fundi, na hakuna mtu afungue kofre wakati umeme umo. Lakini anayelipa anapaswa kujua anaomba nini, na kujua kuipima kazi mbele ya kutoa pesa ya mwisho. Njo shabaha ya somo hili.

1. Anzeni na kibao cha moteri

Ku kila moteri kuna kibao kidogo cha chuma. Kipanguseni vumbi, kisha muandike mambo matatu katika kitabu cha koperative.

Kwanza, nguvu. Katika somo hili tunachukua mfano wa moteri ya fazi tatu ya 7,5 kW, ile watu wanayoita ya farasi 10.

Pili, ampere. Kwa moteri ya 7,5 kW ku umeme wa 400 V, kibao kitaonyesha karibu 15 A. Namba hii njo bibi-arusi wa somo letu. Vyombo vyote vinachaguliwa kwa kuiangalia.

Tatu, volti. Mara nyingi mtaona namba mbili, kama 230/400 au 400/690. Namba ndogo ni ya kufunga moteri kwa pembetatu, namba kubwa ni ya kuifunga kwa nyota. Kwa hiyo, ku umeme wa 400 V, moteri ya 230/400 inafungwa kwa nyota, na moteri ya 400/690 inafungwa kwa pembetatu. Mkiifunga ya 230/400 kwa pembetatu ku 400 V, itaungua kwa muda mfupi sana. Mkiiacha ya 400/690 ibaki kwa nyota, itazunguka vizuri ikiwa tupu, lakini mahindi yakiingia itakosa nguvu na kupata joto.

2. Vyombo vinne vya lazima

Disjonkteri. Hii inakata umeme wakati waya mbili zimegusana. Kwa moteri ya 15 A, tafuteni ya 20 A au 25 A, ya aina D, sababu aina hii inavumilia ule umeme mkubwa wa wakati wa kuwasha. Lakini haitoshi peke yake: moteri inaweza kupikwa pole pole na disjonkteri isione kitu.

Kontakteri. Ni swichi inayovutwa na sumaku. Angalieni vizuri maandiko yake, sababu ku kontakteri moja kuna ampere mbili. Moja imeandikwa karibu na AC-1, nyingine karibu na AC-3. Ya AC-1 ni ya vitu vya kupasha joto, na sikuzote inakuwa kubwa. Ya moteri ni AC-3. Muuzaji anaweza kuwaonyesha 32 A, na kumbe kwa moteri kontakteri hiyo ni ya 18 A. Kwa mfano wetu, 18 A ya AC-3 inafaa. Lakini kama ile 18 ni ya AC-1, iacheni dukani.

Rele ya joto. Dukani ombeni "relais thermique". Hii njo mlinzi wa moteri. Iko na kigurudumu kidogo chenye namba, na fundi anakizungusha mpaka ku ampere za kibao. Moteri ikila zaidi ya hapo kwa muda, rele inakata. Rele iliyowekwa juu sana ni sawa na mlinzi aliyelala. Kama inakata mara kwa mara, msipandishe namba. Tafuteni sababu: mkanda umekazwa sana, rulema zimekufa, msagaji anajaza kupita kiasi, ao umeme ni mdogo.

Rele ya fazi. Dukani ni "relais de contrôle de phases". Huku kwetu fazi moja inakatika mara nyingi, waya ku nguzo imeanguka ao fyuzi imeungua. Moteri ya fazi tatu ikibaki na mbili, inanguruma, inakula umeme mwingi kwa fazi zilizobaki, na inaungua. Rele hii inaona hiyo mapema. Tena inaona kama fazi zimebadilishana nafasi, sababu hapo mashini ingezunguka kinyume.

Juu ya hivi vinne, wekeni kibonyezo chekundu cha hatari, kile chenye kichwa kama uyoga, mahali ambapo mkono wa msagaji unakifikia bila yeye kutoka ku mashini.

3. Waya ndogo: umeme ukirudi, mashini isiamke yenyewe

Hapa njo moyo wa somo. Waya nono zinapeleka nguvu ku moteri. Waya ndogo zinapeleka amri. Mwambieni fundi awachoree njia ya amri kwa karatasi, na muifuate kwa kidole.

Amri inatoka ku fazi. Inapita kibonyezo cha hatari, inapita kibonyezo chekundu cha kuzima, inapita kontakti 95-96 ya rele ya joto, inapita kontakti ya rele ya fazi, na kufika ku kibonyezo cha kijani cha kuwasha. Kutoka hapo inaingia ku bobini ya kontakteri, mahali paitwapo A1. A2 inarudi ku nuteri. Kitu kimoja tu kikikata njia hiyo, bobini inaachilia na moteri inasimama.

Kisha kuna waya mbili fupi zinazotoka ku namba 13 na 14 za kontakteri na kushika pande mbili za kibonyezo cha kijani. Msagaji akibonyeza, kontakteri inavutwa, 13 na 14 zinafungana, na kontakteri inajishika yenyewe hata mkono ukitoka. Umeme wa mtaa ukikatika, inaachilia. Umeme ukirudi, inabaki imeachilia mpaka mtu abonyeze tena.

Fikirini sasa mahali ambapo wamefunga swichi ya kisu tu, bila kontakteri. Umeme unakatika katikati ya gunia. Mashini inasimama na mahindi yamejaa ndani. Msagaji anafungua, anaingiza mkono kutoa unga uliokwama ku chujio. Kisu amekiacha kimewashwa, amesahau. Umeme unarudi. Hatuhitaji kuwaeleza yanayofuata. Waya mbili fupi, namba 13 na 14, njo zinazuia hiyo. Hata hivyo, mbele ya kuingiza mkono, disjonkteri izimwe na ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayetengeneza.

Angalieni pia volti za bobini, zimeandikwa juu yake. Bobini ya 230 V inafungwa kati ya fazi na nuteri. Ikifungwa kati ya fazi mbili, itapata 400 V na kuungua.

4. Kuwasha moja kwa moja, nyota-pembetatu, ao elektroniki?

Moteri ikiwashwa moja kwa moja, kwa nukta chache inavuta umeme mara tano mpaka mara saba ya ule wa kibao. Kwa moteri yetu hiyo ni 75 A mpaka 105 A. Taa za majirani zinafifia. Mbele ya kununua, ulizeni kampuni inayowauzia umeme: mnaruhusu moteri ya kW ngapi iwashwe moja kwa moja?

Njia ya nyota-pembetatu inapunguza umeme huo mpaka theluthi moja. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inabaki theluthi. Njo maana mashini iwashwe ikiwa tupu, na mahindi yaingie nyuma ya kupata mwendo. Njia hii inaomba kontakteri tatu na saa ndogo ya kuhesabu nukta. Ku umeme wa 400 V inafaa kwa moteri ya 400/690 tu. Ya 230/400 haiwezi, hata fundi akisema ataweza. Kontakteri ya nyota na ya pembetatu zinapaswa kuzuiana, sababu zikishika pamoja ni waya kugusana. Tena, kama rele ya joto imefungwa ku waya sita zinazokwenda ku moteri, nyuma ya kontakteri, inaona sehemu tu ya umeme: ampere za kibao mara 0,58. Kwa 15 A, kigurudumu kinawekwa ku 8,7. Kikiwekwa ku 15, moteri haina mlinzi.

Njia ya tatu ni variateri, kofre ya elektroniki. Inawasha pole pole, na inaweza kuchukua umeme wa fazi moja na kutoa fazi tatu. Lakini ile inayoingizwa 230 V ya fazi moja inatoa 230 V za fazi tatu. Hapo moteri ya 230/400 njo inafaa, ikifungwa kwa pembetatu. Fundi aingize ampere za kibao ndani ya variateri, azime kuwaka kwenyewe nyuma ya umeme kurudi, na asiweke swichi ya kukatia kati ya variateri na moteri wakati inazunguka. Variateri inaogopa joto na vumbi la unga. Ushauri wetu: kama hakuna fundi wa karibu anayeijua, chukueni kontakteri. Hiyo inatengenezwa na fundi wa mji wowote.

5. Kabo, vumbi na waya wa ardhi

Kabo nyembamba inaiba volti njiani. Kwa 15 A na urefu wa mita 60, kabo ya shaba ya 2,5 mm² inapoteza karibu 12 V, ya 4 mm² karibu 7 V, ya 6 mm² karibu 5 V. Kama nguzo iko mbali, lipeni kabo nono.

Unga ukiingia ndani ya kofre, kontakteri inakwama. Ombeni kofre iliyoandikwa IP55 ao zaidi, waya ziingie kwa chini, na tundu zote zizibwe. Waya wa kijani na njano ufungwe ku mwili wa moteri, ku mashini na ku mlango wa kofre, kisha uende ku chuma kilichozikwa ndani ya udongo.

6. Mtihani mbele ya kulipa

Fundi afanye haya mbele ya komite, mashini ikiwa tupu:
- Awashe, azime disjonkteri, airudishe. Moteri ibaki kimya.
- Awashe, abonyeze kibonyezo cha hatari, akiachilie. Moteri ibaki kimya.
- Awashe, abonyeze kibonyezo cha majaribio cha rele ya joto. Moteri isimame.
- Mwisho, asage gunia moja na apime ampere za fazi zote tatu kwa pensi. Zikaribiane, na zisipite za kibao.

Mtihani mmoja ukikosa, pesa ya mwisho ingoje.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Kibao cha moteri yetu kinasema ampere ngapi, na rele ya joto imewekwa ku ngapi?
2. Umeme ukikatika sasa hivi na kurudi, mashini yetu itafanya nini?
3. Nani anashika ufunguo wa kufuli ya disjonkteri?

Kama swali la pili halina jibu la hakika, mashini isisage tena mpaka mtihani wa kwanza ufanyike. Kazi njema.