Ukimkuta Uliyempenda Zamani



Desemba inapokaribia, kituo cha mabasi cha Machakos kule Nairobi hujaa watu tangu alfajiri. Huyu kabeba mkate na sukari, yule godoro la mama yake. Safari yenyewe si ndefu, kama kilomita 60 tu; gari huacha barabara ya Mombasa pale Kyumbi, na baada ya kitambo kidogo vilima vya Iveti vinaonekana. Wengi wetu tukiviona vilima hivyo hujihisi vijana tena. Hapo ndipo somo letu linapoanzia, maana nyumbani hatuachi wazazi na shamba tu. Wengine waliacha huko mtu ambaye nusura wamwoe, au nusura awaoe.

Tuseme mume mmoja anayefanya kazi Nairobi amekwenda kumzika mjomba wake. Baada ya mazishi watu wanapanga foleni ya chakula, na mama mmoja anamnawisha mikono kabla ya kupewa isyo. Anainua macho. Ndiye yule! Miaka 20 iliyopita walikuwa wamekubaliana, lakini mbuzi wa ntheo hawakupelekwa. Kijana hakuwa na kitu, na baba wa msichana hakutaka kungoja. Wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto, basi. Mama yule ni mjane sasa. Kabla ya kuondoka wanapeana namba za simu, na bwana huyo anarudi Nairobi akiwa kimya.

Mwezi unapita. Siku moja mkewe anashika simu ya mumewe ili alipie maziwa kwa M-Pesa, na anakuta ujumbe wa fedha zilizokwenda Machakos kwa jina asilolijua. Shilingi 500. Juma lililotangulia, 500 nyingine. Nyumba nzima inatikisika kwa shilingi 1,000, na bwana anaapa kwamba hakuna ubaya wowote uliotendeka. Huenda anasema kweli. Lakini mwambie mkewe hivyo uone kama atalala usingizi!

Ndugu msomaji, tusimhukumu haraka. Je, moyo wake kushtuka pale kwenye foleni kulikuwa dhambi? La hasha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yatufundisha kwamba hisia zetu zenyewe si njema wala mbaya. Wema au ubaya huingia pale akili na utashi wetu vinapozishika na kuzielekeza mahali. Moyo ulishtuka bila kuulizwa. Namba ya simu, hata hivyo, iliombwa. Fedha zilitumwa kwa vidole vyake mwenyewe, na kila mara alichagua kutomwambia mkewe.

Tena tujiulize, alimwona nani pale? Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli jangwani walililia samaki wa Misri, na matango, matikiti na vitunguu. Waliikumbuka mboga wakasahau matofali na wanyapara wa Farao. Kumbukumbu ya upendo wa ujana hufanya vivyo hivyo. Yule wa zamani hukumgombania ada ya shule. Hukumwona akiwa na homa, wala hakukuona wewe umekosa kazi miezi minane. Mkeo au mumeo amepimwa na hayo yote, halafu unamlinganisha na mtu ambaye hakupimwa na lolote! Mara nyingi tunachokitamani si yule mtu hata kidogo, bali sisi wenyewe tulipokuwa na miaka 22 na mgongo usiouma.

Mtazame pia mlima unaopita ukirudi nyumbani. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliona udongo wa Machakos ukichukuliwa na maji, wakadhani nchi inakwisha. Wenyeji walichimba. Waliitandaza milima yao kwa matuta yale yanayoitwa “fanya juu,” yaani unachimba mtaro kukata mteremko na kutupa udongo upande wa juu, kisha unapanda nyasi ili zishike. Kufikia miaka ya 1990 watu walikuwa wameongezeka takriban mara tano, na bado ardhi ilikuwa imetunzwa na miti imeongezeka. Waliochimba, wengi wao wanawake, hawakusema shamba la jirani lingekuwa rahisi zaidi. Na kila mkulima ajua kwamba tuta hutengenezwa wakati wa kiangazi, maana mvua ikishaanza kunyesha ni kuchelewa.

Kwa hiyo zungumzeni kabla ya safari. Hatusemi kila mmoja aorodheshe wote aliowapenda tangu darasa la saba. Huko ni kutafuta ugomvi bure. Lakini kama yupo mmoja ambaye jina lake bado lakugusa, na unajua utamkuta, sema. Maneno machache yatosha: “Mama watoto, huko mazishini atakuwapo mama fulani. Zamani tulitaka kuoana. Nimeona heri ulisikie kwangu.” Naye anayeambiwa asiwe polisi wa upelelezi. Akimwuliza mwenzake maswali 40 na kumkumbusha neno hilo kila wanapokosana, amemfundisha kunyamaza safari ijayo. Aseme tu, “Asante Baba watoto, tutakwenda pamoja.” Na waende kweli. Wako waume wanaocheka kwamba wake zao hawakosi mazishi hata moja. Pengine wake hao wana akili kuliko tunavyodhani.

Kama yule wa zamani ana shida ya kweli, msaada utoke nyumbani kwenu, nyote wawili mkijua, au upitie kwa jamaa zake au jumuiya ndogo ndogo ya huko. Ujane ni mzigo, na Kanisa halituambii tumpite mjane kwa sababu tuliwahi kumpenda. Kinachokatazwa ni ule mlango wa nyuma.

Akina mama, msifikiri somo hili ni la wanaume peke yao. Binti aliyeolewa mbali hurudi kumwuguza mama yake majuma matatu, na jirani aliyemwimbia nyimbo akiwa msichana bado yupo, anateka maji kisima kile kile. Uchovu na upweke hufungua masikio. Mpigie mumeo kila jioni, hata kama hana maneno.

Kuna jambo moja zito ambalo halimaliziki kwa kunyamaza, nalo ni mtoto. Wengine waliacha nyumbani mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, na mwenzi wa Nairobi hajui. Mtoto huyo hakosi haki kwa sababu wazazi wake hawakufika altareni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawakuoana. Usingoje mwenzako aambiwe na mpishi kwenye matanga. Mwone paroko, au wazee wawili wa ndoa mnaowaamini nyote, kisha mketi naye pamoja. Atalia. Pengine atakasirika miezi mingi, na ana haki. Ila fedha za mtoto zitatoka kwenye meza ya nyumba, si gizani.

Wapo pia wanaosema, “Padre, mimi nililazimishwa na wazazi; ndoa yangu ya kweli ingekuwa na yule.” Kanisa halilichukulii neno hili kama mchezo. Kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kiapo kilichotolewa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa si halali. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, peleka habari kwa paroko wako, naye atakuelekeza kwenye mahakama ya jimbo; tangu mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alirahisisha taratibu zake. Lakini kujuta baada ya kukutana na mtu sokoni si ushahidi wa kulazimishwa. Nawe usianze kuishi kama mseja kabla ya kujibiwa.

Jioni moja kabla ya Krismasi, watoto wakishalala, zimeni redio. Someni pamoja ile sura ya 11 ya Hesabu, kisha mwulizane polepole: Mwaka huu tukifika nyumbani, ni nani ningependa uwe karibu nami ninapomsalimu? Ni jambo gani la miaka yetu ya kwanza tumeliacha likachukuliwa na maji? Anayejibu asikatizwe.