Kiini cha njano peke yake hakitoshi

SWALI: Mayai ya kienyeji nanunua ghali kuliko ya kisasa kwa sababu kiini chake kimekolea rangi. Je, yana lishe zaidi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, rangi hiyo hutokana na chakula: mahindi ya njano, mchicha, majani. Kuku anayeshindia pumba za mahindi meupe hutaga yai lenye kiini kilichopauka, awe wa kienyeji au wa kisasa. Protini nayo haitofautiani sana. Yai moja lina takriban gramu 6.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Kuku anayeota jua hutengeneza vitamini D na kuipitisha kwenye kiini. Anayedonoa majani mabichi au kuchanganyiwa dagaa huongeza mafuta ya omega-3. Banda lenye joto kali huharibu ganda: kuku akihema sana hupoteza kabonidayoksaidi, ambayo mwili wake unaihitaji kujengea ganda, na mayai hupasuka ovyo kwenye trei.

Muulize muuzaji kuku wanakula nini na mayai yalitagwa lini. Kisha vunja moja kwenye sahani. Ute mzito uliokikumbatia kiini ni wa yai jipya. Ukitawanyika kama maji, limekaa mno, na hapo bei ya kienyeji usiilipe.