Waifai Inasumbua Chumbani? Jua Kwanza Inakwama Wapi

Ikifika saa mbili usiku, katika nyumba nyingi za Mbagala utasikia lalamiko lile lile: mtandao umekata. Baba ananunua bando jingine, kubwa kuliko la mwanzo, na chumbani kwa watoto video inaendelea kuzunguka. Bando halikuwa na kosa.

Intaneti ya nyumbani ina safari mbili. Moja inatoka kwenye mnara, au kwenye waya wa faiba, hadi kwenye ruta. Nyingine inatoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako, na hiyo ndiyo waifai. Kabla hujatoa hata shilingi, jua ni safari ipi inayokwama.

Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, fungua fast.com, andika kasi unayoipata. Nenda chumbani, funga mlango kama kawaida yako, pima tena. Karibu na ruta ukipata 20 na chumbani 2, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Ukipata 2 kote kote, ugonjwa unatoka nje.

Tuanze na wa ndani. Vile vijistari vya waifai juu ya skrini havisemi mengi. Pakua programu kama WiFi Analyzer kwenye simu ya Android, ikuonyeshe nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Namba huwa na alama ya kutoa, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Kwenye -50 uko vizuri sana. Kwenye -67 bado utapiga simu ya video bila shida. Ikishuka hadi -80, usishangae ikikatika. Kila zinapopotea desibeli 3, nguvu imebaki nusu.

Zunguka na simu chumba kwa chumba, utamwona mwizi. Mara nyingi ni ukuta wa tofali za saruji, tena ikiwa ni kuta mbili au tatu mfululizo. Chuma hurudisha mawimbi: friji, bati, kioo kikubwa cha kabati. Maji huyanywa mawimbi, kwa hiyo simtanki lililojaa kati ya sebule na chumba cha uani ni kizuizi kamili. Kwetu Chamazi ruta ilikaa miezi nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili ipendeze. Tuliitoa tu, tukaipandisha juu ya kabati katikati ya nyumba, kelele zikaisha.

Kwenye nyumba za wapangaji, ambako kila chumba kina ruta yake, tatizo ni msongamano. Programu ile ile itakuonyesha majirani wamejazana chaneli gani. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee, uchague yenye watu wachache. Gigahezi 5 ina kasi zaidi ila hupenya ukuta kwa shida; iache kwa televisheni ya sebuleni. (Na ile “5G” mwishoni mwa jina la waifai yako ni hiyo gigahezi 5, haina uhusiano na 5G ya mnara.)

Ugonjwa wa nje ni wa Bunju na Mabwepande zaidi, ambako nyumba zimetawanyika na mnara uko mbali. Ikiwa ruta ni ya laini ya simu, ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Anwani imeandikwa chini ya ruta. Tafuta namba iitwayo RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. Peleka ruta dirisha kwa dirisha, subiri dakika moja kila mahali, andika. Hapa kipimo si kile cha waifai: karibu na -80 ni nzuri. Ikishuka chini ya -110 ni mbaya. Pima saa nne asubuhi, rudia saa mbili usiku. Namba ikibaki ile ile lakini kasi imeanguka, mnara umejaa watu, na dirisha halitakusaidia. Vitu vizito vipakue alfajiri.

Ukiamua kununua kiongeza mawimbi Kariakoo, usikichomeke kwenye chumba kisicho na mtandao. Kitaongeza nini? Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inasoma -65 hivi. Vile vya bei nafuu hupunguza kasi karibu nusu, kwa hiyo kwa chumba cha uani mimi ningevuta kebo ya mtandao, inayofika hadi mita 100, ndani ya bomba la plastiki, na kufunga ruta ya zamani mwisho wake.