Safari Tatu za Chamberlain kwa Hitler, Septemba 1938

Mada: Sababu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Watahiniwa wengi wakiulizwa sababu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia huandika sentensi moja tu kuhusu sera ya kuridhisha: "Uingereza na Ufaransa zilimwacha Hitler afanye atakavyo." Sentensi hiyo si uongo, lakini haimpi msahihishaji sababu ya kukuongezea alama. Haisemi ni nani aliyemwacha, lini, wapi, wala kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aliona ni busara kufanya hivyo. Katika somo hili utayapata majibu kwa kumfuata mtu mmoja, Neville Chamberlain, katika safari tatu alizofanya Ujerumani kati ya tarehe 15 na 30 Septemba 1938.

Kwanza shika maana. Sera ya kuridhisha ni kumpa anayetishia sehemu ya kile anachodai, ukitumaini kwamba atatosheka na vita vitaepukwa.

Waziri Mkuu mpya

Chamberlain alichukua uwaziri mkuu wa Uingereza tarehe 28 Mei 1937 baada ya Stanley Baldwin kung'atuka. Alikuwa na umri wa miaka 68. Alikuwa Waziri wa Fedha tangu 1931, na jambo hili likumbuke, kwa sababu alizijua gharama za silaha kuliko mawaziri wenzake, na alijua hazina ya nchi ilikuwa bado inajikwamua kutoka katika mdororo mkuu wa uchumi. (Usimchanganye na baba yake, Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni aliyepita Mombasa mwishoni mwa 1902. Kila mwaka kuna watahiniwa wanaowafanya baba na mwana kuwa mtu mmoja.)

Baldwin hakuyapenda mambo ya nje. Chamberlain aliyashika kwa mikono yake mwenyewe. Kabla ya siasa alikuwa mfanyabiashara mjini Birmingham, naye aliyaona mataifa kama wafanyabiashara wenye mgogoro: waketi mezani, kila mmoja aseme anachotaka, bei itapatikana. Novemba 1937 Lord Halifax alikwenda kuonana na Hitler huko Berchtesgaden. Februari 1938 Waziri wa Mambo ya Nje, Anthony Eden, alijiuzulu kwa kutokubaliana na Chamberlain juu ya namna ya kuzungumza na Mussolini wa Italia. Halifax akapewa nafasi yake. Kuanzia hapo hakukuwa na mtu mzito ndani ya wizara hiyo wa kumzuia Waziri Mkuu.

Kwa nini aliridhisha? Usiandike "alikuwa mwoga", maana jibu hilo halina hoja. Waingereza walikuwa bado wanawalilia vijana wao waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, na wapiga kura hawakutaka kusikia habari za vita vingine. Wakuu wa majeshi walionya kwamba Uingereza haikuwa na nguvu za kupigana na Ujerumani, Italia na Japani kwa wakati mmoja. Wengi waliamini Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwaonea Wajerumani, hivyo baadhi ya madai ya Hitler yalionekana ya haki. Kulikuwa pia na hofu ya ukomunisti: kwa baadhi ya wanasiasa wa London, Ujerumani yenye nguvu ilikuwa ukuta wa kuizuia Urusi ya Stalin.

Tanganyika nayo ilitajwa

Sehemu hii vitabu vingi huiruka, nawe ukiitumia vizuri insha yako itatofautiana na za wenzako. Tanganyika ilikuwa koloni la Ujerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, liliikabidhi kwa Uingereza iisimamie kwa udhamini. Katika miaka ya 1930 Ujerumani ilidai makoloni yake yarudishwe. Wakulima wa Kijerumani, walioruhusiwa kurudi Tanganyika kuanzia 1925, walikuwa tayari wana mashamba Oldeani, Usambara na Iringa, na baadhi yao walipeperusha bendera ya chama cha Nazi bila kificho.

Tarehe 3 Machi 1938 balozi wa Uingereza mjini Berlin, Nevile Henderson, alimpelekea Hitler pendekezo la serikali ya Chamberlain: Ujerumani ipewe nafasi katika mpango mpya wa kutawala eneo kubwa la Afrika ya Kati, nayo isaidie kuleta utulivu Ulaya. Hitler hakuvutiwa. Alijibu kwamba suala la makoloni linaweza kungoja miaka kadhaa. Alichokitaka wakati huo kilikuwa karibu na nyumbani kwake, na siku tisa baadaye majeshi yake yaliingia Austria.

Walowezi wa Kiingereza wa Afrika Mashariki walishtuka na kuunda umoja wa kupinga Tanganyika kurudishwa kwa Wajerumani. Waafrika walioishi katika ardhi hizo hawakuulizwa na upande wowote. Liweke hilo akilini, kwa sababu miezi sita baadaye Wacheki walitendewa vivyo hivyo.

Safari ya kwanza: Berchtesgaden, 15 Septemba

Chekoslovakia ilikuwa na Wajerumani wapatao milioni 3, wengi wao wakiishi Sudetenland, eneo la mpakani. Hitler alidai walikuwa wanaonewa na akatishia kuingia kijeshi. Ufaransa ilikuwa na mkataba wa kuilinda Chekoslovakia. Ufaransa ikipigana, Uingereza ingevutwa ndani.

Chamberlain, mwenye miaka 69 na asiye na mazoea ya ndege, aliruka kutoka uwanja wa Heston karibu na London hadi Munich, kisha akapanda treni hadi milimani nyumbani kwa Hitler. Alizungumza naye akiwapo mkalimani wa Hitler peke yake. Hitler alidai Wajerumani wa Sudeten wajiunge na Ujerumani. Chamberlain alikubali wazo hilo kwa upande wake, akarudi kulishawishi baraza lake la mawaziri na Wafaransa. Tarehe 21 Septemba serikali ya Chekoslovakia ilikubali baada ya kubanwa na Uingereza na Ufaransa. Waliambiwa waziwazi kwamba wakikataa, watapigana peke yao.

Safari ya pili: Bad Godesberg, 22 hadi 24 Septemba

Hapa ndipo unapoionyesha sera ya kuridhisha ikishindwa mbele ya macho ya aliyeibuni, kwa hiyo isome taratibu. Chamberlain alifika katika mji huu wa kando ya mto Rhine akiwa na habari njema: kila ulichodai wiki iliyopita umekipata. Hitler akamjibu kwamba hilo halitoshi tena. Sasa alitaka jeshi lake liingie Sudetenland mara moja, bila kungoja tume wala kura, na madai ya Poland na Hungary dhidi ya Chekoslovakia yatimizwe pia.

Mazungumzo yalivunjika, yakaanza tena usiku. Mwishowe Hitler alitoa kile alichokiita upendeleo wa pekee kwa Chamberlain: badala ya kuingia tarehe 28 Septemba, angengoja hadi tarehe 1 Oktoba. Chamberlain alikiona kama ushindi mdogo. Hakujua kwamba tangu mwezi Mei Hitler alikuwa ameshawaagiza majenerali wake wawe tayari kuivamia Chekoslovakia ifikapo tarehe 1 Oktoba. Aliuziwa kitu ambacho hakikupunguzwa bei hata senti moja.

Safari hii baraza la mawaziri lilikataa, hata Halifax akamgeuka Waziri Mkuu wake. Wacheki waliita askari wa akiba. Jijini London watu waligawiwa barakoa za kuzuia gesi ya sumu na mahandaki yakachimbwa katika bustani. Tarehe 27 Septemba Chamberlain alisema redioni kwamba ni jambo la ajabu watu wachimbe mahandaki kwa sababu ya ugomvi wa nchi ya mbali, kati ya watu ambao Waingereza hawawajui. Kauli hiyo imemfuata hadi leo.

Safari ya tatu: Munich, 29 na 30 Septemba

Siku iliyofuata Chamberlain alikuwa akihutubia Bunge alipoletewa ujumbe kwamba Hitler anamwalika Munich. Wabunge walishangilia. Mezani walikaa wanne: Hitler, Mussolini, Chamberlain, na Daladier wa Ufaransa. Umoja wa Kisovieti haukualikwa, ingawa nao ulikuwa na mkataba na Chekoslovakia. Wajumbe wa Chekoslovakia waliwekwa hotelini wangoje kuambiwa nchi yao imekatwa wapi. Saini zilitiwa baada ya saa saba usiku.

Linganisha Munich na Godesberg, nawe utaona tofauti ilikuwa ndogo. Jeshi la Ujerumani lingeingia kwa awamu kuanzia tarehe 1 hadi 10 Oktoba badala ya siku moja, na tume ya kimataifa ingechora mpaka. Pamoja na ardhi hiyo ziliondoka ngome za mpakani, kinga kuu ya Chekoslovakia.

Asubuhi ya tarehe 30 Chamberlain alikwenda peke yake nyumbani kwa Hitler na kumtaka atie saini karatasi fupi iliyosema mataifa yao mawili yanatamani yasipigane tena kamwe. Hitler alisaini bila ubishi. Hiyo ndiyo karatasi aliyoipunga uwanjani Heston, na jioni yake, dirishani kwenye makazi yake ya Downing Street, akatangaza kwamba ameleta amani ya kudumu kwa kizazi chao. Angalia vizuri: karatasi aliyoipunga haikuwa Mkataba wa Munich. Kosa hili limo hata katika baadhi ya majibu yanayouzwa mitaani.

Yaliyofuata

Umati ulimpokea kama shujaa. Duff Cooper, waziri aliyesimamia jeshi la majini, alijiuzulu. Winston Churchill alisema bungeni kwamba Uingereza imeshindwa kabisa bila kupigana. Hata hivyo Bunge liliunga mkono serikali kwa kura 366 dhidi ya 144. Januari 1939 Chamberlain alisafiri tena, mara hii kwenda Roma kuonana na Mussolini, na hakurudi na kitu cha maana.

Tarehe 15 Machi 1939 Wajerumani waliingia Prague. Hapa hapakuwa na Wajerumani wa kuokolewa, na kisingizio cha Versailles kilikwisha. Tarehe 31 Machi Chamberlain aliahidi kuilinda Poland. Tarehe 23 Agosti Stalin, aliyefungiwa mlango kule Munich, alifanya mkataba na Hitler. Poland ilivamiwa tarehe 1 Septemba, na tarehe 3 Uingereza ikatangaza vita. Tanganyika, Kenya na Uganda ziliingizwa vitani bila kuulizwa, na askari kutoka huku walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Chamberlain alijiuzulu tarehe 10 Mei 1940, akafa Novemba mwaka huohuo.

Namna ya kumhukumu

Ukikutana na neno "jadili" au "tathmini", mtahini anataka pande mbili na msimamo wako. Wanaomtetea husema alinunua mwaka mmoja ambao Uingereza iliutumia kuongeza ndege za kivita na kukamilisha mtandao wa rada, na kwamba watu wake wasingekubali vita mwaka 1938. Wanaompinga hujibu kwamba mwaka huohuo Ujerumani nayo iliutumia, ikapata silaha na viwanda vya Chekoslovakia, na ikamwondoa Stalin upande wa pili.

Kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa ulikuwa katika namna ya kusafiri zaidi kuliko kusafiri kwenyewe. Alikwenda mara ya kwanza bila msimamo uliokubaliwa na washirika wake, akakubali jambo kubwa kwa mazungumzo ya watu wawili, na mwenye mali hakuwapo. Baada ya hapo kila safari ilianzia pale ile ya kwanza ilipokubali. Unaweza kupinga maoni haya, mradi ulete tarehe na tukio.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu nne zilizomfanya Chamberlain afuate sera ya kuridhisha.

2. Onyesha jinsi madai ya Hitler yalivyobadilika kati ya tarehe 15 na 30 Septemba 1938. (Usisimulie safari tu. Kwa kila mkutano taja kilichodaiwa, kilichokubaliwa, na aliyelipa.)

3. "Mwaka 1938 ardhi za watu wengine zilitumika kununua amani ya Ulaya." Jadili kwa kutumia mifano ya Chekoslovakia na Tanganyika. (Kumbuka kwamba Sudetenland ilitolewa kweli, ilhali pendekezo la Machi 1938 kuhusu Afrika halikutekelezwa. Mtahiniwa asiyetofautisha hayo mawili atapoteza alama.)

4. Kwa nini kuingia kwa Wajerumani Prague mwezi Machi 1939 kulibadili sera ya Uingereza kuliko kuingia kwao Austria mwaka mmoja kabla?