Ubongo Wenu na Dawa ya Presha

Mazoezi ya akili
Kusoma, kuhifadhi mashairi, kucheza bao, kujifunza lugha ya jirani na kukaa barazani mkizungumza, yote haya huizoeza akili, na mzee asiyeyaacha anajitendea hisani kubwa. Ama ile michezo ya simu inayonadiwa kuwa kinga ya usahaulifu, jihadharini nayo. Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani ilitozwa dola milioni 2 kwa kutoa ahadi za namna hiyo pasipo ushahidi.

Usingizi
Mtu mzima apate saa 7 kwa uchache.

Dawa ya presha haiachwi
Twaletewa wodini mtu wa makamo, mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, na jamaa zake wakiulizwa habari za dawa, jawabu ni lile lile: “Alipata nafuu, akaacha.” Presha aghalabu haiumi, mtu aweza kuwa nayo 180 kwa 110 akalima na kucheka na watu, ilhali inamdhuru ubongo polepole, na usahaulifu tunaousingizia uzee au husuda mara nyingine asili yake ni hiyo. Kujihisi mzima si idhini ya kuacha dawa. Haiachwi kwa safari; haiachwi kwa kuwa shoga kaleta mizizi; haiachwi mwezi wa Ramadhani, bali mwendeeni tabibu kabla ya mwezi kuandama, awapangie saa za kumeza baina ya futari na daku; wala haigawanywi baina ya mume na mke ili pakiti idumu. Ikiwaletea kikohozi au kizunguzungu, rudini mkabadilishiwe. Dawa ya presha haiachwi.

Chumvi
Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na iliyokwisha tiwa jikoni.

Pikipiki
Kofia ngumu, dereva na abiria.

Kiharusi
Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukakataa kuinuka, maneno yakakorogeka: hospitali saa ile ile, wala msingoje kupambazuke. Msimnyweshe kitu, asije akapaliwa. Msimpe vidonge vya presha hapo nyumbani, msimkande, msianzie kwa mganga. Shikeni saa yalipomwanza, mkamweleze daktari.

Leo jioni mwulizeni mzee wenu dawa zake zi wapi, mkazihesabu pamoja naye. Na zikikaribia kwisha, nendeni kliniki kabla hajameza kidonge cha mwisho.